Kabla ya hina, tazama meno: kosa tulilolifanya dukani kwetu



Leo hatuzungumzii gauni wala shela. Tunazungumza juu ya meno, na tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, maana si uungwana kumfundisha mtu jambo huku unaficha kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukilikosea.

Wengi wenu mnatujua. Sisi ni mafundi cherehani wanne wenye duka dogo mjini Unguja. Tunashona magauni ya harusi, madira na mabaibui, na anayetaka tunamtayarishia sanduku la bi harusi: liwa, dalia, singo, udi, kanga, manukato. Kwa muda wa karibu miaka miwili tulikuwa tunatia na kikopo cha unga wa meno. Ni unga mweusi wa mkaa na majani, umeandikwa kuwa ni wa asili na hauna floraidi. Tulikuwa tunauza shilingi 15,000. Mteja akituuliza kwa nini ni ghali, tunamjibu kwa ujasiri kuwa dawa za meno za kawaida zina sumu inayoitwa floraidi, kwa hiyo bora huu wetu.

Nani alituambia? Ni sauti moja iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Hatukumuuliza daktari hata mmoja. Tuliamini kwa sababu imani ile ilikuwa na faida kwetu.

Mwaka jana akaja mteja wetu mmoja kupima gauni mara ya pili, zimebaki wiki tatu harusi. Gauni limemkaa, maashallah, kama kazaliwa nalo. Tukamwambia acheke kidogo tumpige picha tumpelekee mama yake. Akacheka, na mkono ukaenda mdomoni palepale. Tulipomuuliza akautoa mkono. Jino moja la mbele lilikuwa na tundu jeusi pembeni, na mengine mawili yalikuwa na madoa meupe kama chokaa karibu na ufizi. Alikuwa anatumia unga wetu kwa miezi minane, asubuhi na jioni, hakosi. Wala hakutulaumu. Alituuliza tu: "Dada zangu, hamna unga mwengine wenye nguvu zaidi kuliko huu?"

Swali lile lilitukaa moyoni. Mtoto wa watu ametuamini, ametoa pesa yake, ametimiza kila tulilomwambia, na meno yake yanaharibika mkononi mwetu.

Mmoja wetu alimsindikiza kwa daktari wa meno. Tuliyoyasikia huko, na tuliyoyasoma baadaye, ndiyo tunayowaletea leo.

Jino linavyotoboka

Tulikulia na hadithi ya mdudu anayekula jino. Mdudu wa namna hiyo hayupo. Mdomoni mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo vinapenda sukari kama sisi. Ukila halua, kashata, visheti au ukinywa soda, navyo vinakula, kisha vinatoa asidi. Asidi ile inachota madini kutoka kwenye gamba gumu la nje la jino. Mate yanakuja kusafisha asidi na kurudisha madini kidogo kidogo. Kwa hiyo kila siku mdomoni kuna kutoa na kurudisha. Ukiwa unaonja kitu kitamu kila saa, kutoa kunazidi kurudisha, na jino linaanza kudhoofika.

Dalili ya kwanza si tundu, wala si maumivu. Dalili ya kwanza ni lile doa jeupe lililofifia, kama chokaa. Wengi hatulijui na tunalipuuza. Sisi mafundi tunaelewa vizuri jambo hili: mshono ukianza kulegea uzi mmoja, unaukaza kwa sindano na nguo inaendelea. Ukingoja mpaka kitambaa kichanike, hapo ni kiraka. Doa jeupe ni uzi uliolegea, tundu ni kitambaa kilichochanika.

Hapo ndipo kazi ya floraidi ilipo. Floraidi ni madini. Ikipakwa juu ya jino, inasaidia madini yaliyochotwa yarudi mahali pake, na sehemu iliyorudishiwa inakuwa ngumu zaidi dhidi ya asidi kuliko mwanzo. Doa jeupe likiwahiwa linaweza kusimama lisifike kuwa tundu. Lakini tundu likishatoboka, hakuna dawa ya kupaka itakayoliotesha jino tena. Hilo ni la daktari kuziba. Wahenga walishatwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Unga wetu mweusi haukuwa na cha kurudisha chochote. Ulikuwa unasugua tu, na mkaa ukisuguliwa sana unaweza hata kulikwangua gamba la jino. Na wale wanaojipaka ndimu ili meno yawe meupe siku ya harusi, jamani, ndimu yenyewe ni asidi. Unajisaidia kuharibu.

"Lakini floraidi ni sumu"

Tunajua mtasema, kwa sababu na sisi tulisema. Tena woga huu haukutoka hewani. Wenzetu wa Arusha, Kilimanjaro na sehemu za Bonde la Ufa wapo wenye meno ya rangi ya kahawia tangu utotoni, na chanzo ni floraidi. Maji ya visima na chemchemi za huko yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na huko vipo vyanzo vinavyopita kiasi hicho mara kadhaa. Mtoto anakunywa maji hayo kila siku wakati meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, na meno yanatoka yakiwa na madoa. Ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi, hata mifupa inaumia.

Hayo ni kweli na hatuyafichi. Ila tazameni tofauti. Yule anainywa, lita kwa lita, tangu mdogo. Wewe unaipaka juu ya jino na unaitema. Jino la mtu mzima limeshajengeka, haliwezi tena kugeuka rangi kwa namna ile. Chumvi ikizidi kwenye pilau inatupwa sufuria nzima, lakini hatujawahi kusikia mtu akapika pilau bila chumvi kwa ajili hiyo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, ile orodha yenye dawa ambazo kila nchi inatakiwa iwe nazo. Kitu kinachokaa kwenye orodha hiyo, sisi mafundi cherehani tulikuwa tunakiita sumu kaunta ili tuuze unga.

"Mimi napiga mswaki wa mti, yatosha"

Mswaki wa mti tunaupenda na hatuuachi. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa karibu kutuamrisha kuutumia kwa kila swala, lau si kuogopa kututia uzito. Ni sunna, unasafisha meno na ufizi, na unaondoa harufu. Anayeutumia vizuri ana kheri kubwa. Lakini kwa kuzuia jino lisitoboke, katika maisha yetu haya ya soda, juisi za paketi na biskuti kila kona, mswaki wa mti peke yake hauleti floraidi ya kutosha. Si lazima uchague kimoja. Mswaki wa mti kwa swala zako, na dawa yenye floraidi asubuhi na usiku.

Kuhusu halali: floraidi ni madini, haitoki kwa mnyama. Kama una wasiwasi na vitu vyengine vilivyochanganywa ndani ya dawa, mfano gliserini, soma boksi au tafuta yenye alama ya halali. Zipo, na zina floraidi. Usiikimbie floraidi kwa sababu ya kitu chengine.

Namna ya kuitumia, hasa sisi tunaotia udhu

Hapa pana jambo ambalo tuliligundua kwa kuulizana wenyewe dukani, na tunaona wengi tunalikosea.

Kwanza, tazama nyuma ya tyubu. Utaona namba pamoja na herufi ppm. Kwa mtu mzima tafuta iliyo baina ya 1000 na 1500. Nyingi zimeandikwa 1450. Si lazima iwe ya ghali. Ile ya bei nafuu yenye namba hiyo ni bora kuliko ya bei kubwa isiyo nayo.

Pili, piga mswaki mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usiiache kabisa. Ukilala mate yanapungua, na jino linabaki bila mlinzi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji. Floraidi inafanya kazi kwa kukaa juu ya jino. Ukisukutua vikombe viwili vya maji, umeiosha yote, umebaki na harufu ya mnanaa tu.

Sasa sisi ni watu wa udhu, na ndani ya udhu mna kusukutua. Wengi tunapiga mswaki kwa dawa, dakika hiyo hiyo tunatia udhu, tunasukutua mara tatu. Dawa imekwenda na maji ya karai. Suluhisho ni kupanga tu. Usiku swali Isha yako, maliza kula na kunywa, na kama una desturi ya kulala na udhu, tia udhu kwanza, kisha piga mswaki kwa dawa iwe jambo la mwisho. Tema, lala. Kutema dawa hakutengui udhu. Alfajiri tumia mswaki wa mti na udhu wako, swali, kisha baada ya swala ndipo upige mswaki wa dawa.

Ramadhani nayo ina mpango wake. Futari zetu tunazijua: tende, kaimati, uji wa sukari, tambi, juisi. Kisha tunaonja onja mpaka daku. Usiku mzima jino linaoga asidi. Piga mswaki kwa dawa baada ya daku kabla ya adhana, na tena usiku kabla ya kulala ukishamaliza kula. Hapo hutakuwa na wasiwasi wa kumeza kitu mchana, na sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, ambao kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makruhu kwa aliyefunga, tunakuwa salama pia.

Bi harusi, anza mapema

Tunaona mabibi harusi wakianza singo miezi mitatu kabla. Ngozi inasingwa, nywele zinatiwa mafuta, miguu inasuguliwa. Meno yanakumbukwa wiki ya mwisho, na yanakumbukwa kwa ndimu na mkaa. Sisi tunasema, ukishachumbiwa tu, kabla hujachagua kitambaa, nenda kwa daktari wa meno akakuangalie. Miezi sita kabla si mingi. Tundu linazibwa likiwa dogo, na madoa meupe yanapata muda wa kutibiwa.

Daktari akiona meno yako yako hatarini anaweza kukupaka vanishi ya floraidi. Jina ni lile lile la vanishi ya fundi seremala, lakini hii ni ya meno, na ina floraidi nyingi sana kuliko dawa ya tyubu, ndiyo maana inapakwa na mwenye ujuzi. Ni kazi ya dakika chache, haina sindano. Kwa kawaida hurudiwa mara 2 mpaka 4 kwa mwaka. Baadhi yake zinaacha rangi ya manjano kidogo kwa muda mfupi, kwa hiyo usiende kupakwa siku ya kutiwa hina.

Ipo pia dawa ya maji yenye floraidi na madini ya fedha, inayopakwa ndani ya tundu kusimamisha lisiendelee. Inafaa sana kwa watoto wasioweza kukaa kwenye kiti cha daktari. Mjue tu kwamba inaligeuza tundu kuwa jeusi na weusi wake haufutiki. Kwa gego la mtoto hakuna tatizo. Kwa jino la mbele la bi harusi, muulize daktari kwanza.

Na baada ya harusi, ndoa nyingi zinapata kheri ya mimba mwaka wa kwanza. Msikubali ule usemi kuwa kila mtoto anaondoka na jino la mama yake. Mtoto hachoti jino lako. Kinachotokea ni kutapika, kula kula vitu vitamu na kuchoka hata kupiga mswaki. Ukitapika, sukutua kwa maji matupu, subiri kama nusu saa ndipo upige mswaki. Dawa ya meno yenye floraidi haina tatizo kwa mjamzito.

Mtoto akizaliwa, akitoka jino la kwanza tu, anza. Chini ya miaka 3 ni kipande kama punje ya mchele. Miaka 3 mpaka 6 ni kama punje ya choroko kubwa au njegere, si kujaza mswaki mzima kama kwenye matangazo. Mpigie mwenyewe, mfundishe kutema, na tyubu iweke juu asipate kuilamba kama lawalawa, kwa sababu mtoto ndiye anayeweza kudhurika kwa kumeza. Waliokulia au wanaoishi kwenye maji yenye floraidi nyingi wamuulize daktari kabla.

Tulichokifanya

Vikopo vilivyobaki tulivitoa dukani. Vilikuwa 23, na hasara ile tuliila wenyewe. Kuna mmoja wetu alisema tuvimalize kwanza kisha tusiagize tena. Tulikaa kimya muda mrefu siku ile. Dini imetufundisha kuwa muuzaji akisema kweli na kubainisha kasoro, biashara ile inabarikiwa, na akificha, baraka inaondoka. Ukishajua, huwezi kusema hujui. Tuliwapigia simu wateja tuliokuwa na namba zao, mmoja mmoja. Wengine walicheka. Mmoja alitukasirikia, na alikuwa na haki yake.

Sasa kwenye sanduku tunatia mswaki wa mti, mswaki wa kawaida wenye nywele laini, na tyubu moja ya dawa yenye floraidi. Hatupati faida ya maana hapo. Na kikaratasi tunachoandika kwa mkono: tema, usisukutue.

Kuna wanaotuambia, hayo ni mambo ya madaktari, nyie shoneni. Tunawajibu kwamba sauti ile ya WhatsApp haikutoka kwa daktari pia, na tuliipokea sote kwa mikono miwili. Bi harusi wa kwetu anakaa kwa somo na kungwi wake kabla hajakaa kwa daktari. Anakuja kwetu mara tatu nne kupimwa nguo. Maneno yetu sisi wanawake ndiyo yanayomfikia mwanzo, basi na yawe ya kweli. Makungwi, masomo, mama zetu, mnapomfundisha mwari namna ya kujitia udi na kupanga asumini, mwambieni na habari ya tyubu yenye namba 1450. Haipunguzi kitu katika mila wala katika sunna.

Yule mteja wetu jino lake lilizibwa, na yale mawili yenye madoa yalipakwa vanishi. Siku ya harusi tulikwenda kumvika. Mpiga picha alipomwambia atabasamu, mkono ulianza kunyanyuka kwa mazoea, ukafika kifuani, ukarudi chini.

Allah atujaalie tuwe wakweli katika maneno yetu na biashara zetu. Wabillahi tawfiq.